Mtoto wa Ngeli na Nomino za Kiingereza

Hotuba kwa wazazi, walimu na wanafunzi wa sekondari, Mombasa. Tunaiweka nzima kwa ajili ya waliokosa kufika.

Asalaam aleikum. Hamjamboni nyote. Wazazi wangu, walimu wenzangu, na nyinyi wanafunzi mliojazana kule nyuma hali viti vya mbele vi vitupu, sogeeni. Nafasi ipo.

Nimeombwa nizungumzie aina za nomino katika sarufi ya Kiingereza. Najua likitajwa jambo hili, wengi wetu tunakumbuka majina matano yaliyoandikwa ubaoni: nomino za pekee, za kawaida, za makundi, za wingi, dhahania. Tukaambiwa tuhifadhi, tukahifadhi. Mtihani ukaja, tukayaandika, yakaishia pale pale. Ni wangapi humu ndani waliowahi kuelezwa majina yale ni ya kazi gani?

Mimi nimekuja na hoja moja. Mtoto wa Mombasa anapoikosea nomino ya Kiingereza, mara nyingi hakosei kwa uvivu wala kwa ujinga. Anakosea kwa sababu tayari ana lugha kichwani, lugha yenye sheria madhubuti za nomino, naye anazifuata barabara. Mwalimu asiyezijua sheria hizo ataona kosa, atalipigia mkasi kwa kalamu nyekundu. Anayezijua ataona lilikotoka, na hapo ndipo masomo yanapoanza.

Nianze na kubwa lao: kuhesabika na kutohesabika.

Kuna binti mmoja wa huku kwetu, alimaliza kidato cha nne akapata nafasi ya kujifunza kazi mapokezi katika hoteli moja ya ufuoni. Binti mchangamfu, Kiingereza anakimwaga bila kusita. Usiku wa zamu yake basi la wageni likaingia kutoka uwanja wa ndege, mifuko ikashushwa ikapangwa ukumbini, naye akaandika katika daftari la zamu ili wenzake wa asubuhi wapate kujua: "Twelve luggages received. Two furnitures in room nine are broken. Guests need more informations." Asubuhi mkubwa wake akayasoma maneno yale kwa sauti mbele ya wafanyakazi wote, huku akicheka. Mwana wa watu hakufungua kinywa tena siku ile.

Sasa hebu tulitazame daftari lile kwa utulivu. Kwa Kiswahili ni mzigo mmoja, mizigo kumi na miwili, ngeli ya U-I. Fanicha mbili zimevunjika, hakuna anayeshtuka. Habari hizi, habari zile, ngeli ya I-ZI. Na mizigo ile binti aliiona kwa macho yake, kumi na miwili, imepangwa sakafuni. Nani asiyeweza kuihesabu? Akahesabu. Akatia ile herufi "s" ambayo tangu darasa la kwanza ameambiwa ndiyo alama ya wingi. Kila hatua aliyopiga ilikuwa na sababu.

Kilichomponza ni kwamba Kiingereza kimeamua "luggage" haihesabiki. Mzigo wenyewe haujaamua lolote. Ni lugha iliyoamua, na lugha nyingine huamua vingine. Mfaransa, aliye ng'ambo tu ya mkondo wa bahari kutoka Uingereza, huzihesabu habari akasema "informations" kwa wingi. Mizigo huiita "bagages", na fanicha "meubles", zote kwa wingi. Anapojifunza Kiingereza anateleza pale pale alipoteleza binti wetu. Je, naye tumwite mjinga? Otto Jespersen, mwanaisimu wa Denmark aliyeandika sarufi kubwa ya Kiingereza mwanzoni mwa karne ya 20, ndiye aliyezitenga waziwazi nomino za namna hii na zile zinazohesabika. Kwa hiyo hata wataalamu walihitaji muda kuziona vizuri.

Tumfundisheje basi? Mimi nasema, mpelekeni sokoni. Ingia Kongowea useme, "Mama, nipe michele mitatu." Atakutazama kuanzia utosini mpaka unyayoni. Mchele hauna mitatu. Utasema kilo tatu, au kama wazee wetu, vibaba vitatu, na vibaba vinne ndiyo pishi. Sabuni unasema mche wa sabuni. Mafuta, tone la mafuta. Mchanga, chembe ya mchanga. Mahindi, punje ya mahindi. Mnaona? Mtoto wa Kiswahili anajua tangu anyonye kwamba kuna vitu havihesabiwi mpaka utafute kipimo. Kiingereza nacho hufanya hivyo hivyo: "a bar of soap", "a drop of oil", "a grain of sand". Tofauti iko hapa tu: Kiingereza kimeiingiza mizigo, fanicha, habari, ushauri na vifaa katika kapu moja na mchele. Kwa hiyo "a piece of luggage", "a piece of furniture", "a piece of advice". Ukimwambia binti yule, "Hiyo 'luggage' ihesabu vile unavyohesabu mchele," hatarudia kosa. Hahitaji kuchekwa. Anahitaji kuonyeshwa kwamba kanuni anayo, ila imepanuliwa mipaka.

Na ziko zinazokwenda kinyume. Sisi tunasema unywele mmoja, nywele nyingi. Mwingereza akitaja nywele za kichwa kizima anasema "hair" na kitenzi cha umoja. Maji kwetu yamemwagika, kwa ya, mfano wa wingi. Kwake "the water is". Mkasi kwetu ni mmoja, uko mezani. Kwake "scissors" ni wingi siku zote, hata ukiwa nao mkononi mmoja tu. Suruali vivyo hivyo. "News" ina "s" mkiani na bado ni umoja. Ila samaki, alhamdulillahi, tumekubaliana: samaki mmoja, samaki kumi, "one fish, ten fish". Hapo mvuvi wa Mombasa na mvuvi wa Uingereza wanaelewana bila mkalimani.

Jambo la pili linahusu ngeli zenyewe, na hapa nataka mnisikilize vizuri, kwa sababu ni jambo la kutuondolea unyonge.

Mwaka 1844 alifika hapa Mombasa mmisionari Mjerumani, Johann Ludwig Krapf. Mwaka ule ule akamzika mkewe na mtoto wao mchanga, na ukumbusho wao upo ng'ambo hii ya Nyali mpaka leo. Hakuondoka. Alikaa akajifunza Kiswahili cha watu wa hapa, akaandika sarufi yake iliyochapishwa Ujerumani mwaka 1850, na kamusi yake kubwa ikatoka mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Fikirini mtu huyu alikutana na nini. Kwao nomino zimegawanywa mafungu matatu: za kiume, za kike, na zisizo kiume wala kike. Hapa akakuta mafungu mengi kuliko hayo, na hakuna hata moja linalouliza habari za mume na mke. Kiti kimevunjika, viti vimevunjika. Mti umeanguka, miti imeanguka. Halafu, alipodhani ameielewa ile ki-, akasikia kiboko amelala, hakuna aliyesema kimelala, kwa sababu kiboko ana uhai, na mwenye uhai kwetu hupewa haki ya A-WA hata jina lake lianze vipi. Mtoto wa miaka minne wa Majengo hakosei hapo. Mtu mzima aliyesoma chuo kikuu Ulaya ilimbidi akae na daftari, aulize, aandike, afute.

Basi nani kati ya hawa wawili asiyejua sarufi?

Na niwaambie jambo ambalo ningependa kila mwalimu wa Kiingereza aliseme darasani angalau mara moja. Kiingereza chenyewe, cha miaka elfu moja iliyopita, kilikuwa na mafungu. Jua lilikuwa la kike. Mwezi ulikuwa wa kiume. Jiwe lilikuwa la kiume. Mtoto hakuwa wa kiume wala wa kike, na neno moja walilokuwa wakitumia kumwita mwanamke, "wif", nalo halikuwa la kike katika sarufi yao. Sifa na viashiria vyote vilibadilika kufuata fungu, kama sisi tunavyosema kiti kizuri, mti mzuri, meza nzuri. Wingi nao ulitengenezwa kwa njia kadha wa kadha. Karne zikapita, mafungu yakaporomoka, na ile "s" iliyokuwa njia mojawapo tu ya wingi ikatawala karibu nomino zote.

Karibu zote. Zilizobaki ndizo zinazowatesa watoto wetu: "oxen", "children", "feet", "mice". Zinaitwa nomino zisizofuata kanuni. Mimi napenda kuwaambia wanafunzi kwamba zinafuata, ila kanuni zake ni za zamani. Mwanafunzi akishalijua hilo, anaacha kuziona kama mitego. Na mtoto wa lugha ya ngeli, ambaye kila siku anabadili m- kuwa wa-, ki- kuwa vi-, ji- kuwa ma-, ndiye hasa anayepaswa kuona si ajabu kwamba "foot" ikawa "feet". Sisi tunabadilisha mwanzo wa neno. Wao walibadilisha katikati.

Nomino za pekee sitakaa nazo sana, ila kuna mambo mawili.

La kwanza ni herufi kubwa. Huku pwani Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa muda mrefu sana, na herufi zile hazina kubwa wala ndogo. Kwa hiyo desturi ya kulianzia jina la mtu au mji kwa herufi kubwa ilitufikia pamoja na herufi za Kilatini. Mwanafunzi akiandika "mombasa" kwa herufi ndogo katika ujumbe wa simu, sina neno. Katika insha ya Kiingereza, kila jina la mtu, mji, lugha, siku na mwezi lianze kwa kubwa. Halina mjadala.

La pili ni kile kineno "the", na hapa hata walimu huchanganyikiwa, kwa kuwa Kiswahili hakina kitu cha namna hiyo. Bahari na mito hukitaka: "the Indian Ocean", "the Tana". Ziwa halikitaki: "Lake Victoria". Mlima mmoja haukitaki: "Mount Kenya". Kisiwa kimoja hakikitaki, tunasema "Lamu" tu. Visiwa vilivyokusanywa kwa jina moja vinakitaka, "the Comoros", "the Seychelles". Mji haukitaki. Wapeni watoto ramani ya pwani yetu wafanye zoezi hili kwa majina wanayoyajua, kabla ya kuwapeleka kwenye mito ya Ulaya ambayo hawajapata kuiona.

Nomino ya pekee nayo huweza kushuka daraja ikawa ya kawaida. Mwaka 1880 kule Ireland kulikuwa na msimamizi wa mashamba aitwaye Charles Boycott. Wapangaji waliomba kodi ipunguzwe, naye akaanza kuwafukuza. Watu wa eneo lile wakaamua: hakuna kumvunia, hakuna kumuuzia dukani, hakuna kumpelekea barua. Wakamsusia kabisa. Haukupita muda jina lake likawa neno, "boycott", likiandikwa kwa herufi ndogo, na leo watu duniani kote hulitumia bila kujua kulikuwa na mtu wa jina hilo. Mnadhani ni mambo ya Wazungu tu? Simameni kwenye duka la mtaani jioni moja. Mtoto ametumwa: "Nipe Colgate." Muuzaji anauliza, "Colgate gani?" naye anataja kampuni nyingine kabisa. Jina la pekee limeshakuwa jina la kila dawa ya meno. Mfano huo mmoja unatosha kumfundisha mtoto tofauti ya nomino ya pekee na ya kawaida, na anao nyumbani, kando ya ndoo ya maji.

Za makundi. Juzi juzi vijana wawili walikuwa barazani Mji wa Kale wakitazama mpira, mtangazaji wa Kiingereza akasema, "Arsenal are leading." Mmoja akaruka: mtangazaji amekosea, timu ni moja, ilipaswa kuwa "is". Wakabishana mpaka mapumziko. Wote wawili walikuwa na haki. Mwingereza akiiona timu kama wachezaji kumi na mmoja, anatumia kitenzi cha wingi. Akiiona kama kitu kimoja, anatumia umoja. Mmarekani hupendelea umoja. "Police" lakini ni wingi kwa wote, na hapo Mswahili haangaiki, kwa maana hata sisi tunasema polisi wamekuja.

Walimu wenzangu, niruhusuni niseme jambo zito kidogo. Tunawahifadhisha watoto orodha ndefu za makundi ambazo hakuna mtu anayezisema. Kwa Kiingereza wanakariri kwamba kundi la kunguru ni "a murder of crows". Maneno mengi ya namna hiyo yametoka katika orodha za waungwana wawindaji wa Uingereza, zilizochapishwa mwaka 1486 ili mtu wa nasaba aonyeshe amelelewa. Mwingereza wa kawaida akiwaona kunguru wetu hawa wa Mombasa wamejaa juu ya jaa la taka atasema "flock" tu, au "a lot of crows". Kwa Kiswahili nako ni vile vile. Mtoto anakariri thurea ya nyota, na hajui kwamba zile ndizi anazotumwa kununua zinakuja kwa chane, na chane zinatoka kwenye mkungu. Naumia nikiliona hili. Mfundisheni kwanza maneno ambayo kesho atayatumia.

Nimalizie na nomino dhahania, zile za mambo yasiyoonekana wala kushikika, ambazo kwangu mimi ndizo tamu kuliko zote.

Mwanafunzi mmoja wa kidato cha kwanza aliandika katika insha yake neno "friendness". Likazungushiwa wino mwekundu. Lakini tazameni alichofanya. Alijua "kind" na "kindness", "sad" na "sadness", "dark" na "darkness". Akajenga. Kwa nini akatarajia kiambishi kimoja kifanye kazi yote? Kwa sababu kwao kimoja kinafanya! Mtoto, utoto. Rafiki, urafiki. Raia, uraia. Maskini, umaskini. Huru, uhuru. U- moja inazibeba zote. Kiingereza kinamtaka aseme "childhood", kisha "friendship", kisha "citizenship", kisha "poverty", kisha "freedom". Yote hayo kwa kazi ambayo sisi tunaifanya kwa herufi moja.

Kulikoni? Historia. "-hood", "-ship", "-dom" na "-ness" ni za Kiingereza cha kale. Mwaka 1066 William wa Normandy akaivamia Uingereza akaitawala, na Kifaransa kikawa lugha ya wakubwa na ya mahakama kwa muda mrefu. Maneno ya Kifaransa yakaingia kwa mamia, na mengi yakaingia na mikia yake: "-ty", "-tion", "-ment", "-ance". Ndiyo maana Mwingereza ana "poverty", "liberty", "nation", "government". Hata mezani imebaki alama: mfugaji anafuga "sheep" na "cow", mlaji anakula "mutton" na "beef".

Kiswahili nacho kimepokea wageni wengi, tena hapa hapa bandarini. Rafiki ni neno lenye asili ya Kiarabu; huru vile vile. Lakini tulipowapokea tuliwavika u- yetu, wakawa urafiki na uhuru, wakaingia kwenye ngeli kama wenyeji. Kiingereza mara nyingi kiliwaacha wageni wake na mavazi yao waliyokuja nayo. Mwambieni mwanafunzi hivyo, halafu mpeni mafungu mawili: haya ya nyumbani, haya ya Kifaransa. Atakosea bado, lakini atakuwa na pa kushika.

Kuna na vitenzi-jina, kwa ufupi. Sisi tuna ku- tu: kuogelea kunafaa, napenda kuogelea, nimezoea kuogelea. Kiingereza kimeigawa kazi hiyo mara mbili, "to swim" na "swimming", na baada ya kihusishi ni lazima "-ing". Ndiyo sababu barua zetu za kuomba kazi huishia na "I look forward to meet you". Ile "to" pale ni kihusishi. Andikeni "to meeting you". Vijana mnaotafuta kazi, likumbukeni hilo leo kabla hamjalala.

Sasa ombi langu kwa wazazi na walimu. Wengi humu mlisoma enzi za kile kibao, kilichopitishwa shingo hadi shingo kwa kila aliyesikika akisema lugha ya kwao shuleni. Katiba ya 2010, ibara ya 7, inasema Kiswahili ndiyo lugha ya taifa, tena ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Sera ya elimu inataka mtoto wa madarasa ya mwanzo afundishwe kwa lugha ya eneo lake. Hapa Mombasa, kwa wengi, lugha hiyo ni Kiswahili. Kwa hiyo, mwalimu wa Kiingereza, unaposahihisha "furnitures", andika pembeni: fanicha hapa ihesabu kama mchele. Mwalimu wa Kiswahili, unapofundisha ngeli, mwite mwenzako wa Kiingereza aje akae nyuma ya darasa. Na mzazi, mtoto akikuuliza neno la Kiingereza nawe hulijui, mwambie la Kiswahili na ngeli yake. Utakuwa umemsaidia zaidi ya unavyodhani.

Nimewachosha. Tuna kama nusu saa ya maswali kabla ya adhana. Yule mama mwenye leso ya buluu amenyoosha mkono tangu nilipotaja kunguru. Mpelekeeni kipaza sauti, tuanze naye.